Pikipiki ya Philemoni Haiuzwi

Tekla aliungua kiganja asubuhi ya jua kali, kwenye ekzosi ya pikipiki ambayo haikuwa imewashwa tangu mwenyewe azikwe. Alikuwa anaifuta vumbi ili aipige picha. Aliuvuta mkono haraka, akauangalia, akaona alama nyekundu imepita katikati ya kiganja. Akasema ni jua. Lakini pikipiki ilikuwa chini ya banda, kivulini, na betri yake aliitoa yeye mwenyewe kwa spana akaiweka stoo. Akaenda stoo kuhakikisha. Betri ipo, imefunikwa na gunia. Basi akapaka mkono mafuta ya kupikia, akarudi bandani, akapiga picha zake, akaziweka mtandaoni na maneno mawili tu: pikipiki inauzwa.

Hapo ndipo umjue Tekla ni mtu wa namna gani. Wewe na mimi tungeshaita jirani, tungeshapiga kelele mpaka geti la tatu. Yeye ni mama wa Kichaga, mjane, ana duka la rangi za nyumba hapo Njiro, na maisha yake yote amegombana na mafundi wanaochanganya rangi na maji. Hatishwi na chuma. Aliiangalia ile pikipiki akaiambia kwa sauti ya chini, "Ndiyo maana nakuuza."

Na pikipiki yenyewe haikuwa ya mchezo. Marehemu mume wake, Philemoni, aliyestaafu idara ya ardhi, aliikuta Usa River kwa mtu mmoja aliyekonda, nayo ikiwa bado fremu na injini tu, zile pikipiki kubwa za kuendesha umeegemea kama uko sebuleni. Yule mtu hakutaja bei. Alisema ampe chochote, mradi aondoke nayo leo. Sasa nikuulize, Mchaga akikutana na muuzaji asiyetaka kupatana bei, si ndiyo saa ya kuaga na kurudi nyumbani? Philemoni alishangilia. Akailipia, akaileta, akaanza kuipamba. Fundi wa Sombetini akairefushia uma wa mbele, akaipandishia usukani mpaka mikono ya mwendeshaji ikawa juu ya mabega. Siti ikashonwa kwa ngozi ya ng'ombe mweusi. Tangi likachorwa Mlima Meru unawaka moto. Bodaboda wa Njiro wakaiita Kitanda, na Philemoni akalipenda hilo jina.

Jumapili moja alitoka nayo akasema anakwenda kupunga upepo. Walimkuta mchana, barabara ya Ngarenanyuki, ubavuni mwa mlima, pale msitu unapoanza. Pikipiki ilikuwa imesimama kwenye stendi, injini inanguruma taratibu, na Philemoni amekaa wima juu yake, mikono kwenye usukani, miguu kwenye vikanyagio, macho wazi, amekufa. Hospitali walisema ni moyo. Tekla alikubali, maana mume wake alipenda nyama ya mafuta na alikuwa haambiliki.

Lakini hakuwa anaiuza kwa sababu ya Philemoni. Alikuwa anaiuza kwa sababu ya Violet.

Violet ni binti yake wa mwisho, aliyekuwa amebaki nyumbani, anafanya kazi shamba la maua kule Usa River. Baada ya msiba alianza kwenda bandani kila akirudi kazini, anakaa juu ya ile siti, anaegemea, anafumba macho. Mama yake akamwacha, mtoto ana huzuni ya baba yake. Kisha ikaja harufu, ya majivu yaliyomwagiwa maji, kama jiko la kuni likizimwa. Ilikuwa kwenye nywele za Violet, kwenye mashuka yake, kwenye kikombe alichonywea. Akakonda. Akaacha kusema "baba alikuwa anasema," akawa anasema "baba anasema." Na jioni moja Tekla akiwa jikoni anamenya ndizi alisikia mngurumo kutoka bandani, mdogo mno, wa chini kwa chini, wa pikipiki isiyo na betri, na akamsikia mwanawe akiujibu kwa upole: "Jumapili? Sawa."

Kisu kilimponyoka. Aliogopa, tena sana, akashika sinki. Alipopata pumzi alijua jambo moja tu: hiyo pikipiki itoke kwake kabla haijaondoka na mwanawe.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Sankale, kijana wa Sombetini, bodaboda mwenye heshima zake, anayeongoza misafara ya harusi. Alikuja akamwamkia shikamoo, akaizunguka Kitanda kwa mapenzi. Betri ikarudishwa. Akaiwasha, akatoka nayo kuijaribu mtaani. Alirudi mapema kuliko alivyotarajiwa, anaendesha polepole kama amebeba mayai. Alishuka, akasogea mbali nayo, akamwambia Tekla kwa kunong'ona, "Mama, kuna mtu nyuma." Akaeleza kwamba tangu kona ya kwanza alishikwa kiunoni na mikono miwili, baridi, na aliyemshika alikuwa anampumulia shingoni. Hakugeuka. Alisema angegeuka asingerudi. Akaomba radhi, akaacha namba yake ya simu, akasema mama akipata shida yoyote ampigie.

Wa pili alikuwa mwenye loji moja, alitaka kuiweka mlangoni wageni wapigie picha. Alituma gari ikachukuliwa mchana. Asubuhi Tekla alipofungua geti aliikuta nje, imeegeshwa vizuri, tairi zimejaa udongo mweusi wa mlimani. Alimpigia yule mwenye loji. Akasema haitaki, wala hataki kurudishiwa chochote, na tafadhali mama asiitume tena. Akakata simu.

Ndipo akaja shemeji yake, Elihuruma, kaka mkubwa wa marehemu, kutoka Marangu. Mzee wa kanisa, mtu mzuri, ila ana majibu ya kila kitu. Akasema hapa hakuna jini wala nini. Hapa marehemu amekasirika. Mali yake inauzwa na hajaombwa. Kwetu mtu akikosewa anapelekewa masale, na mama Violet analijua hilo. Tekla alilijua. Kila Mchaga analijua: ukimkosea mtu, hata kama umemkosea vibaya, ukimwendea na jani la masale mkononi hana budi kukusikiliza, na akilipokea amesamehe, na akishasamehe hawezi kuanza upya. Ugomvi umekufa. Shemeji alikuwa amekuja nalo kabisa, amelikata kwenye mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo, limefungwa kwenye gazeti.

Kwa hiyo Tekla akaenda bandani, akalifunga lile jani kwenye usukani, akasema kwa machozi, "Philemoni, nisamehe. Sikuiuza kwa dharau." Pikipiki ikanguruma mara moja, taratibu, ikanyamaza. Shemeji akapiga makofi, akasema si nilikuambia, akanywa chai, akaondoka zake.

Asubuhi Violet alikuja mezani na lile jani limefungwa kwenye mkono wake, fundo dogo, safi. Amependeza, amepaka poda, mashavu yamerudi. Akavuta kiti akakaa.

"Yamepokelewa," alisema. "Yameisha. Jumapili tunakwenda mlimani. Nimiminie chai, Tekla."

Hakuna mtoto wa Kichaga anayemwita mama yake kwa jina. Na hata Philemoni, tangu wapate mtoto wa kwanza, hakuwahi kumwita Tekla. Alikuwa mama fulani, mama fulani, mpaka akawa mama Violet, na hivyo hivyo mpaka anakufa. Tekla akamimina chai, na katika kumimina akaelewa alichokifanya. Alipeleka masale kwa mume wake, na aliyeyapokea siye mume wake. Alikuwa amepatana na kitu asichokijua jina, amekikaribisha ndani kwa heshima zote za nyumbani.

Mchungaji alikuja akaomba, na Kitanda ikatulia bandani kama inasikiliza mahubiri. Akatoka mchungaji, ikakohoa. Kisha Tekla akapelekwa kwa mganga, mama mmoja wa Kiarusha anaitwa Naisiae, huko juu ya Ngaramtoni. Naisiae hakuzunguka. Alisema hilo ni jini la mlimani, linapenda kupandwa, na humaliza anayelipanda. Kulifukuza asingeweza, kwa sababu mwenye nyumba amepatana nalo kwa mkono wake. Labda kulibembeleza. Mbuzi mweupe, kila mwaka.

"Nimeshatoa mume," Tekla alisema. "Mbuzi wa nini tena?"

Naisiae akamwambia basi ajue anachofanya. Na akamwonya asithubutu kuivunja wala kuichoma, maana mapatano yanafunga pande zote mbili, na wa kwanza kuyavunja ndiye atakayelipa. Tekla alirudi nyumbani na hilo neno, akiligeuza kichwani njia nzima.

Jumamosi alimpandisha Violet basi kwenda kwa mama yake mdogo, Moshi. Jumapili akaamka, akafungua mlango wa nyuma. Banda lilikuwa tupu. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli, kwa ndani, na funguo ziko mfukoni mwake. Kabla hajamaliza kulitazama lile kufuli simu ikaita, mdogo wake analia kutoka Moshi: Violet ameondoka kulipopambazuka, amesema baba yake amemfuata, na kweli nje kulikuwa na pikipiki inanguruma, ila juu yake hapakuwa na mtu.

Tekla akampigia Sankale. Yule kijana hakuuliza maswali, alikuja na bodaboda yake, akampakia mama wa watu na khanga zake, wakatoka.

Walipita Usa River watu wanakwenda kanisani, wakakata kushoto kuelekea mlimani, na kadiri walivyopanda ndivyo ukungu ulivyoshuka kuwapokea, kwanza juu ya migomba, kisha barabarani, kisha kwenye miwani ya Sankale, na jua ambalo nyuma yao lilikuwa linawaka likawa doa jeupe tu, na ndege wakanyamaza, na ile harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikaja, kidogo, ikazidi, mpaka Tekla akawa anaionja kwenye ulimi, na katikati ya ukungu huo, mbele, pale pale, kwani alikuwa anajua kabla hajafika kwamba ni pale pale, akasikia injini inanguruma bila haraka, kama mtu anayemsubiri mgeni aliyechelewa.

Kitanda ilikuwa imesimama kwenye stendi, pembeni ya msitu. Violet amekaa juu yake wima, mikono kwenye usukani, miguu kwenye vikanyagio, macho wazi. Jani liko mkononi. Kifua chake kilikuwa bado kinapanda na kushuka, ila polepole, na kila kilipopanda hakikufika kilipofika mara iliyotangulia, na midomo yake ilikuwa imeanza kupauka.

"Umechelewa, Tekla," Violet alisema bila kugeuza shingo. Sauti ni yake, lakini imetulia mno. "Ila bado unaweza kuuza. Mnunuzi si umekuja naye? Usitaje bei. Apande tu kwa hiari yake, na mtoto wako ashuke. Yule wa Usa River naye alikuwa na mtoto."

Tekla akamkumbuka yule mtu aliyekonda, asiyetaka kupatana bei. Akajua sasa mume wake alinunua nini.

Sankale alikuwa amesimama karibu na bodaboda yake, amevua kofia, anatetemeka. Alisikia yote. Na huyo kijana, ambaye mama yake kamlea sijui kwa chakula gani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kama ni kupanda tu, napanda. Dada anakufa."

Nisikudanganye, Tekla alinyamaza. Msimpambe mkasema hakufikiria. Alifikiria. Alimtazama mwanawe midomo imepauka, akamtazama yule kijana, na moyo wake ukamwambia nyamaza tu, usiseme kitu, anajitolea mwenyewe, wewe hujamlazimisha. Yalikuwa mapigo machache ya moyo, na alikuja kuyajutia maisha yake yote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi hakuwa yeye peke yake.

"Mama yako yuko hai?" alimwuliza Sankale.

"Yuko, Mama."

"Rudi nyuma. Zaidi. Kaa hapo."

Akajifunga khanga kiunoni, akaisogelea pikipiki mpaka joto la injini likampiga miguuni. Alikuwa anaogopa mpaka meno yanagongana, na bado alisimama vile vile anavyosimama dukani na fundi mwizi.

"Nilikuletea masale?"

Injini ikanguruma, na mdomo wa Violet ukasema, "Uliniletea."

"Ungeweza kuyakataa. Ulilazimishwa?"

Injini ikapunguza mngurumo.

"Nakuuliza wewe. Ulilazimishwa?"

"Sikulazimishwa."

"Basi sikiliza. Hukunijua mimi ni wa wapi. Kwetu anayepokea masale amefunga mdomo. Hadai, halipizi, hagusi cha mwenzake. Uliyapokea kwa jina la mume wangu, ukataka heshima ya mume wangu. Umeipata. Basi beba na mzigo wake, maana mume wangu hawezi kumla mtoto wake. Huyu akifa hapa, wewe ndiye umevunja, na mlima wote huu utajua nani mvunjaji. Haya. Mwue."

Ukungu ulisimama. Injini ikapanda, ikapanda, ikawa kelele ya kupasua masikio, ekzosi zikawa nyekundu, miti ikatikisika, na ndani ya ile kelele kulikuwa na sauti nyingi, za wanaume na za wanawake, wote waliowahi kukaa juu ya ile siti, na moja ilikuwa ya Philemoni, anamwita, mama Violet, mama Violet, kwa uchungu ambao hajawahi kuusikia kwake akiwa hai, na Tekla akalia machozi yakamwingia mdomoni lakini hakurudi nyuma hata unyayo, akawa anarudia neno moja tu, mwue, mwue kama unaweza, mpaka koo likakauka.

Ikazima, ghafla. Jani likafunguka, likaanguka chini. Violet akakohoa, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetoka majini, akamwangukia mama yake mikononi na kusema, "Mama, nasikia baridi."

Tekla alimfunga khanga, akampakia kwa Sankale, akawaambia watangulie, wasisimame njiani. Sankale akauliza na hiyo pikipiki je. Akasema hiyo masale yanaifunga ikiwa kwake tu, kwa mwingine itaua; basi ni ya nyumbani, inarudi nyumbani. Hakuwahi kuendesha pikipiki maisha yake. Akapanda. Kitanda ikajiwasha. Na mara ile ile mikono miwili ya baridi ikamzunguka kiunoni, na pumzi ikamgusa shingoni.

"Shika vizuri," Tekla alisema, "tusianguke."

Sasa imepita miaka. Violet aliolewa Moshi, anaendelea vizuri, ingawa hata kwenye jua la mchana humwoni bila sweta. Tekla aliondoa lile tangazo, lakini picha za mtandaoni hazifi, watu bado wanapiga simu. Anawajibu haiuzwi. Juzi alikuja mama mmoja kwa miguu, kijana wake anakaribia siku yake ya kuzaliwa na ameipenda ile pikipiki mpaka hali chakula. Alibembeleza. Tekla akasema haiuzwi. Akabembeleza tena, akakasirika, akamwita mchoyo, mjane anayekumbatia vyuma wakati vijana wanahangaika. Tekla alimsindikiza mpaka getini, akamtakia jioni njema, hakujitetea.

Kisha akachukua kigoda chake akaenda bandani, kama anavyofanya kila jioni akishafunga duka. Ikanguruma. Na mngurumo wake siku hizi una subira, hauna tena hasira, maana hata jini linajua hesabu: huyu mama ana nywele nyeupe, magoti yanamsumbua, na siku atakapofariki masale yatakuwa yamekufa naye, na atakuja mrithi asiyejua kitu, atapiga picha, ataandika inauzwa.

Tekla naye anajua. Alinyoosha miguu, akafungua kitambaa cha chakula, akaanza kula ndizi yake polepole, anatafuna vizuri.

"Unasubiri nife," aliiambia. "Subiri. Mama yangu ana miaka tisini na bado anakata majani ya ng'ombe mwenyewe."